Kilo haipungui mwezini, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Nakusalimia wewe na wote mnaotengeneza gazeti. Mimi ni fundi wa balansi, yaani mizani, hapa Goma, kibanda changu kiko Birere, na leo nimekamata simu niwaandikie juu ya ile makala yenu ya safari za mwezini (nasema makala ya kusoma, sio makala ya kupikia, yaani makaa, huku kwetu hilo neno linaleta fujo kila mara). Makala ilikuwa nzuri, mtoto wangu aliisoma kwa sauti tukiwa tunangoja sombe iive, lakini alipofika pale mlipoandika eti mtu wa kilo 60 akifika mwezini anakuwa mtu wa kilo 10, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena, mama yake akatoka jikoni akauliza kwani imekuwa rozari?

Sigombani na mtu, lakini kilo ndiyo inayonilisha, na hiyo sentensi imekaa vibaya.

Zile kilo 60 haziendi popote. Mtu akitoka hapa na kilo 60 za nyama, mifupa, damu na maji, akishuka mwezini ana kilo 60 zile zile, labda amekonda kidogo njiani juu ya chakula cha kufinya kwenye tyubu, lakini hiyo ni habari ya tumbo sio ya mwezi. Kinachopungua ni namna anavyovutwa. Dunia ilikuwa inamvuta kwa nguvu ya niutoni kama 588, mwezi unamvuta kwa niutoni 97 hivi, karibu mara sita chini yake. Na niutoni sio kilo. Ukitaka kuijua niutoni kwa mkono, kamata avoka (parachichi) ndogo ya gramu 100, iweke kwenye kiganja, ile nguvu inayosukuma kiganja chako kwenda chini ndiyo niutoni moja, karibu sana. Avoka yenyewe ni gramu, kule kusukuma ni niutoni, vitu viwili.

Shida naona inatoka kwa neno letu "uzito" ambalo tumelibebesha mizigo miwili. Tunasema uzito wa gunia ni kilo 50, tunasema pia huu mzigo ni mzito sijui nani ataunyanyua, na kichwani tunafikiri tumesema kitu kimoja. Wenzetu wa Tanzania kwenye vitabu vya shule wameweka neno "tungamo" kwa kile kinachopimwa kwa kilo, halafu "uzito" wakauachia ile nguvu ya kuvutwa. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema masi. Mimi nilifanya math-fizike, D6 ninayo, ile diploma ya kumaliza sekondari, na profu wetu alikuwa anapiga ubao na chaki mpaka inavunjika akisema masi ni ubishi! Masi ni ubishi wa kitu! Wakati ule tulicheka. Nilikuja kumwelewa nikiwa nasukuma chukudu.

Maana kabla ya balansi nilisukuma chukudu, miaka karibu mitatu, viazi na makabichi kutoka Kibumba kushuka Goma. Anayesoma gazeti hili akiwa mbali asifikiri ni kitoroli cha kuchezea, ni mti mzima uliochongwa, magurudumu mawili ya mbao yamevalishwa mpira, na unaweza kukipakia kilo 300 mpaka 400 ukaenda nacho, na pale mjini wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Sasa sikiliza. Kikiwa kimepakiwa na kimesimama kwenye barabara tambarare, uzito wote wa mzigo umebebwa na nani? Na barabara. Wewe mkononi hubebi hata kilo moja, unashika tu usukani kisianguke. Lakini jaribu kukiondosha! Unasukuma na kifua, na paja, mishipa ya shingo inatoka, chenyewe kinakuangalia tu. Kisha kinakubali kidogokidogo, kinaenda, na kikishakuwa na mwendo sasa hakitaki kusimama, unakanyaga kile kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma mpaka kinatoa moshi. Kile kugoma kuondoka na kule kugoma kusimama, ndiyo masi. Uzito ni kitu kingine, uzito ndio unaokivuta kule mteremkoni bila wewe kusukuma, ndio unaozamisha gurudumu kwenye matope, ndio unaokufanya uite vijana wanne kukinyanyua kikiingia mtaroni.

Basi kipeleke kile chukudu mwezini na kilo zake 300. Kukinyanyua kutoka mtaroni hakutahitaji vijana wanne, kitakuwa chepesi kwa mkono kama kilo 50 za hapa, nyie wawili mnatosha. Lakini kukitoa kwenye kusimama mpaka kifikie mwendo wa mtu anayekimbia kutataka karibu jasho lile lile, na kikikugonga kwa mwendo ule, goti lako litavunjika sawasawa na hapa Goma, mwezi hautakusaidia kitu. Tena breki ndiyo ingekuwa balaa, juu mpira unashika barabara kwa sababu mzigo unaukandamiza chini, sasa ukikandamizwa mara sita pungufu, unateleza, na kilo 300 ziko pale pale zinakuja nyuma yako. Afadhali Kibumba.

Hata kwa maji ya ziwa unaweza kuona, yeyote aliyekwenda kuchota akiwa mtoto anajua. Bidoni ya lita 20 ukiizamisha Kivu ikajaa, mle ndani ya maji unaishika na kidole kimoja, maji yanaibeba. Uzito kama vile umekufa. Jaribu sasa kuivuta kwako haraka, kwa ghafla, uone kama itafuata kidole. Inabisha. Kilo 20 ziko mle na zinasukumana na maji mengine pia. Kisha uitoe nje, mkono unanyooka, na dada yako mkubwa anakuambia twende tumechelewa.

Sasa nije kwa kazi yangu, maana hapo ndipo hili neno linaingia mfukoni mwa watu.

Balansi ziko za ukoo mbili. Ule wa kwanza ni wa kulinganisha, mizani ya sahani mbili, huku unaweka chuma cha kilo, kule unaweka maharagi, zikilala sawa umemaliza. Baskuli za depo zenye kile kichuma cha kusogeza juu ya mkono ni ndugu zake. Hizi hazijali dunia inavuta kiasi gani, juu dunia inavuta chuma na inavuta maharagi kwa namna moja, ikivuta kidogo inavuta kidogo pande zote. Mzani wa sahani mbili ukiupeleka mwezini, kilo ya chuma itasimama sawa na kilo ya maharagi bila shida. Unapima masi.

Ule wa pili ni wa resori, yaani springi. Unatundika mzigo, resori inanyooka, mshale unashuka. Na zile za elektroniki zenye ekra, kile kioo cha namba, ni wa ukoo huu huu hata kama zinajifanya wasomi, ndani kuna kichuma kinachopindika kidogo sana chini ya mzigo na vijiwaya vimebandikwa juu yake vinasikia kule kupindika. Hizi zote hazioni kilo. Zinaona nguvu, zinaona niutoni, halafu kiwandani mtu ameziambia ukisikia nguvu hii andika kilo 1, ukisikia hii andika kilo 2. Zinatafsiri. Na tafsiri ni nzuri kama uko pale ilipofanyiwa.

Hapo namleta mama mmoja muuza maharagi, simtaji jina. Alikuja asubuhi na balansi ya elektroniki ya kutundika, ameifunga kwa kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Papa fundi, hii kintu inasema bongo, uongo mutupu. Gunia moja, kwa jirani ni kilo makumi mbili na tano sawasawa, kwangu inasema 24 na kitu."

"Ilitoka wapi, mama?"

"Kaka yangu njo aliitumaka, iko Ubelgiji."

"Betri umebadilisha?"

"Papa fundi. Mimi si mtoto."

Nikatundika vyuma vyangu vya etaloni, vile vya kilo kamili vya kuhakikishia balansi, vitano vya kilo tano tano, vile ambavyo mtoto yeyote akivigusa na mikono ya mafuta tunakosana. Ekra ikaandika 24.92. Nikatoa, nikarudisha, 24.92. Nikabadilisha betri hivyo hivyo ili nipate amani, 24.92. Nikamwambia mama, balansi yako haisemi bongo, inasema Kibelgiji. Kule dunia inavuta kwa nguvu zaidi kuliko hapa, kidogo tu.

Akanyamaza, kisha akasema: "Hata dunia yao inavuta kuliko yetu?"

Nilicheka mpaka jirani wa simu akaja kuuliza, lakini jibu ni ndiyo. Kule Ubelgiji kila kilo inavutwa kwa niutoni 9.811, huku kwetu ni kama 9.776, na tofauti hiyo ukiipigia hesabu kwenye kilo 25 inakupa gramu 80 na kitu. Siwezi kuapa kwamba gramu zote zilizokosekana siku ile ni za mvuto, balansi za bei ile zenyewe zina kosa lao la kuzaliwa, lakini upande ni ule ule na kiasi kinafanana.

Kwa nini huku inavuta kidogo? Kwanza tuko karibu kabisa na ikweta, Goma haifiki hata digrii 2 kusini yake, na dunia inazunguka, mtu wa ikweta anabebwa kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa kila siku bila kulipa tiketi, kwa hiyo sehemu ndogo ya mvuto inatumika kumzungusha asirushwe nje, inayobaki ndiyo balansi inaisikia. Pili dunia sio duara sawasawa kama mpira, imevimba katikati, mtu wa ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kuliko mtu wa ncha ya kaskazini kwa kilomita kama 21. Tatu sisi tuko juu, mita 1,500 hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo mvuto unavyolegea. Ila hiyo ya tatu isikutishe, ukipanda Nyiragongo mpaka kileleni mita 3,470 uzito wako utakuwa umepungua kama gramu 30 za balansi ya resori, jasho la njiani litakupunguzia zaidi.

Na hii sio habari ya jana. Mwaka 1672 Mfaransa mmoja, Jean Richer, alitumwa na wakubwa wake kutoka Paris mpaka Cayenne, kule Guyana ya Ufaransa karibu na ikweta kama sisi, akiwa na saa ya kubembea, ile yenye kichuma kinachoninginia kwenda huku na huku. Saa iliyokuwa inasema kweli Paris, Cayenne ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Akalazimika kufupisha kile kichuma kidogo tu, chini ya milimita tatu, ndipo ikakubali. Mwenyewe Newton alikamata habari hiyo akaitumia kuonyesha kwamba dunia imevimba katikati. Kila nikisoma hapo nafikiria yule mzee kule Cayenne siku ya kwanza, lazima alidhani saa imepigwa na unyevu melini, lazima aliifungua akaisafisha, akaifunga, akaifungua tena, kama mimi na zile betri.

Ya mama niliitengeneza kwa dakika tano, unabonyeza kile kitufe mpaka CAL itokee, unatundika chuma cha kilo 20 unachokiamini, inajifunza upya, sasa inasema Kigoma (namaanisha cha Goma sio cha Kigoma ya Tanzania). Akiirudisha Ubelgiji, gunia la kilo 25 itaandika 25.09 na kaka yake atalalamika.

Lakini mama alikuwa na swali lililobaki na lilikuwa la maana kuliko yangu yote: mpaka leo nani ameibiwa? Nikamwambia, ulipotumia hii kuuza, uliibiwa wewe, juu ilikuwa inaandika pungufu, unatoa kilo 25 unalipwa 24.92. Ulipotumia hii kununua kule mashambani, yule uliyenunua kwake ndiye alipoteza. Akafikiri. Akasema yeye ananunua kwa gunia na anauza kwa kilo. Tukanyamaza wote wawili.

Hapo niseme ukweli, nisije nikaonekana naleta fizike kufunika wezi. Mvuto wa dunia sio mwizi mkubwa wa soko letu, gramu tatu na nusu kwa kila kilo ni mwizi mdogo anayechukua punje, wezi wakubwa ni resori iliyochoka miaka kumi ikitundikwa magunia, ni mshale uliopindishwa usianzie kwenye sifuri, ni kidole chini ya sahani, ni maharagi yaliyomwagiwa maji usiku, na ni ile Guigoz, kopo la maziwa la kupimia, iliyogongwa kitako kwa nyundo ikaingia ndani, ingawa Guigoz yenyewe haipimi uzito wala masi, inapima nafasi tu, na nafasi nusu yake ni hewa. Kwa maharagi, basi. Kwa dhahabu ni habari nyingine, maana hizo gramu tatu na nusu kwa kila kilo ni pesa kubwa ya mtu, nimeona watu wakikunjana mashati kwa pungufu ya hapo, njo maana wazee wa dhahabu wanapenda vijimizani vyao vya sahani mbili na wana haki, na wale wa elektroniki nzuri kikaratasi chake chenyewe kinaandika ukiihamisha mji upime upya na chuma chake. Wengi wanakitupa na katoni.

Sasa kitu ambacho kinanifurahisha mpaka leo, na mtoto wangu ni shahidi. Ile resori ambayo ikitundikwa kimya inasema uzito, ukiirusharusha inasema masi! Tulikamata resori moja ndefu laini, tukatundika chuma cha kilo 5, ikashuka sentimita kama 10. Tukaivuta kidogo tukaiachia, ikawa inacheza juu chini juu chini, mtoto anahesabu, mimi nashika saa ya simu. Mara 20 zilichukua sekunde 12 na nusu hivi. Tukaweka kilo 20, ambazo ni mara nne, na muda ukawa mara mbili, kama sekunde 25. Sasa hesabu inasema hivi: kule kushuka sentimita 10 kunategemea mvuto, mwezini ingeshuka hata sentimita mbili isifike. Lakini kule kucheza hakuulizi mvuto hata kidogo, kunauliza resori ina ukali gani na masi ina ubishi gani, basi. Mwezini zile mara 20 zingechukua sekunde 12 na nusu zile zile. Hapa Birere, kileleni Nyiragongo, Ubelgiji, popote.

Na sio mchezo wa kibandani tu. Mwaka 1973 Wamarekani walipoweka kituo chao cha Skylab juu, walitaka kujua kama watu wao wanakonda, na kule mzani wa kukanyaga haufanyi kazi, ukiukanyaga unaelea wewe na mzani wako. Wakatengeneza kiti chenye resori, mtu anajifunga, kinamtikisa mbele na nyuma, wanahesabu muda wa kila mtikiso, wanapata kilo zake. Kile kile tulichofanya sisi, ila sisi kwa chuma na wao kwa mtu. Mpaka leo kwenye kituo cha kimataifa cha angani wana mashine za kutumia ubishi ule.

Na hapo kuna neno la pili la makala yenu ambalo sikulipenda, kwamba kule juu watu wanaelea "kwa sababu hakuna mvuto". Mvuto upo jamani! Kituo kiko kilomita kama 400 tu juu, kwa barabara nzuri (tukiwa nayo) ni mwendo wa siku, na pale dunia bado inavuta karibu tisa ya kumi ya inavyovuta hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Wanaanguka wao, kiti, kijiko na kituo chote pamoja, ila wanakimbia pia upande karibu kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila wakianguka dunia nayo inajikunja mbele yao, hawaifikii. Ukitaka kuonja kidogo panda moto (pikipiki) nyuma ya kijana asiyeogopa Mungu, mruke ile dodani, tuta la barabarani, bila kupunguza mwendo. Ile nusu ya sekunde tumbo linapopanda, wewe na gunia lako la mapajani hamna mnachokandamiza, balansi iliyo katikati yenu ingeandika sifuri. Kilo zako zimekwenda wapi? Hazijaenda. Utaziona mkitua.

Mtoto aliniuliza swali ambalo najua wasomaji wenu pia watauliza, kama kitu chenye masi kubwa kinavutwa zaidi, mbona hakianguki haraka zaidi? Kwa sababu ya ubishi ule ule. Cha kilo 10 kinavutwa mara kumi kuliko cha kilo 1, lakini pia kinabisha mara kumi, deni na malipo yanakutana. Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, mkono huu nyundo, mkono huu unyoya, akaviachia pamoja, na kwa vile kule hakuna hewa ya kuuzuia unyoya vikagusa chini pamoja. Hapa Goma usijaribu na unyoya, upepo wa ziwa utakuaibisha.

Wakubwa wa vipimo waliliona hili neno mapema. Mwaka 1901 walikutana Paris wakaandika wazi kwamba kilo ni kipimo cha masi, na kwamba uzito ni kitu cha aina ya nguvu. Baba wa kilo zote alikuwa kipande cha platini na iridi, kimo chake milimita kama 39, hakizidi yai la kuku kwa urefu, kimefungiwa Sèvres karibu na Paris tangu 1889. Waliacha kukitegemea tarehe 20 Mei 2019, sasa kilo inatoka kwenye namba ya fizike inayoitwa ya Planck, hakuna tena chuma cha kuogopa vumbi. Lakini miaka yote ile 130 walikuwa wanatunza masi. Kingekuwa ni uzito wanautunza, kila nchi ingebidi ije kupima pale pale Sèvres, juu ukikihamisha tu kingebadilika. Kile kipande kingeletwa Goma kingekuwa kilo moja kamili, na mimi ningekiomba kwa siku moja tu.

Kwa msomaji ambaye hana vyuma vya etaloni na anashuku balansi yake, kamata chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa, iweke. Iandike kilo 1.5 na gramu kidogo za plastiki. Ikiandika 1.4 au 1.7, usilaumu ikweta, njoo Birere.

Na ombi langu kwenu, Bwana Mhariri, mkirekebisha, andikeni hivi: mtu wa masi ya kilo 60, mwezini uzito wake ni niutoni 97 badala ya 588, na balansi ya resori iliyotengenezwa duniani ingemwandikia kilo 10, nayo ingekuwa inakosea. Sentensi ni ndefu, najua, punguzeni tangazo moja.

Mama wa maharagi alipita tena juma lililopita kunisalimia. Kaka yake amemtumia balansi ya pili, safari hii ameinunua njiani alikopitia. Hajaileta bado, hatujui inasema kilo za wapi.

Fundi balansi,
Birere, Goma